Shukrani Kabla ya Haja: Nilichokiona Katika Daftari Langu la Sala

Kwa miaka mingi nimekuwa na daftari la sala, la kawaida kama yale ya wanafunzi wa shule ya msingi, ambalo hulala chini ya mto wangu pamoja na Biblia. Masika moja hapa Moshi nililisoma tangu ukurasa wa kwanza, nikapatwa na huzuni nisiyoitarajia. Ada ya kijana wetu wa pili ilikuwa imekatwa kwa mstari mmoja wa kalamu, ombi la goti la mama mkwe limepigwa mstari vivyo hivyo, na mgogoro wa mpaka wa kihamba, yaani shamba letu la ukoo, umepigwa mstari pia. Kila haja iliyojibiwa niliifuta kama mtu anavyofuta vitunguu na sukari kwenye orodha ya kwenda soko la Mbuyuni, kisha nikaandika nyingine chini yake. Neno "asante" halikuwamo hata mara moja.

Katika Luka 17 wakoma kumi walipaza sauti wakaomba, wote wakatakasika njiani, lakini aliyerudi kushukuru ni mmoja tu, naye alikuwa Msamaria. Mimi niliyelelewa kanisani nilikuwa pamoja na wale tisa.

Tangu hapo naanza sala kwa shukrani yenye jina, nami nakushauri ufanye vivyo hivyo. "Asante kwa uhai na afya" ikirudiwa kila alfajiri bila kufikiri hubaki kuwa ya mdomoni tu. Taja jambo la jana, na mtu aliyelileta. Kisha fuata mpangilio wa Sala ya Bwana, ambayo katika Mathayo 6 hutanguliza jina la Mungu, ufalme wake na mapenzi yake, ndipo riziki ya leo inapoombwa. Sisi tuliopitia kipaimara cha Kilutheri tulikariri Katekisimo Ndogo ya Martin Luther ya mwaka 1529, inayofundisha kwamba Mungu huwapa riziki hata waovu pasipo sala yetu, na kwamba tunaomba ili atujalie kuitambua na kuipokea kwa shukrani. Nilikariri nikiwa binti, nikaja kuelewa nikiwa na wajukuu.

Wala kushukuru si kuficha maumivu. Mwaka ambao ugonjwa wa chulebuni uliharibu kahawa yetu nililia mbele za Mungu, na sikuona kosa, maana Zaburi ya 13 yenyewe huanza kwa kuuliza "hata lini" na huishia katika kuimba. Danieli naye alishukuru akiwa amekwisha kujua kwamba amri ya kumwangamiza imetiwa sahihi.

Siku hizi ukurasa wa kushoto ni wa shukrani na wa kulia ni wa haja, na wa kulia siugusi kabla sijaandika kushoto. Leo asubuhi nimeandika kushoto kwamba maji ya mfongo, mfereji wetu wa asili wa kumwagilia, yamefika hadi kwenye migomba ya chini, na kwamba jirani yangu mjane amelala usiku kucha bila kukohoa. Kulia nimetanguliza majina ya watu wawili, kisha langu.