Kobe naye ana mwendokasi

SWALI: Mwanangu wa darasa la saba alipewa fumbo hili la hesabu: "Dereva alitoka Chalinze kwenda Morogoro akienda kilometa 60 kwa saa, akarudi kwa njia ileile akienda kilometa 40 kwa saa. Tafuta wastani wa mwendokasi wake." Aliandika 50, akakosa; mwalimu anasema jibu ni 48. Je, Kiswahili sahihi ni "wastani wa mwendokasi" au "mwendokasi wa wastani"? – Mzazi, Morogoro

JIBU: Mzazi mwenzangu, hayo ni mambo mawili tofauti, na hiyo 48 nitaifikia nikishamalizana na neno mwendokasi lenyewe, ambalo limeteswa vya kutosha. Limeundwa kwa mwendo, jina litokanalo na kitenzi kwenda, likaunganishwa na kasi, na kazi yake katika hesabu ni moja tu: kutaja umbali uliogawanywa kwa muda. Ni jina la kipimo, wala halisemi iwapo chombo kinakimbia au kinajikokota.

Sasa soma habari za barabarani: "Dereva akamatwa kwa mwendokasi." Kila nikutanapo na kichwa cha habari cha namna hiyo hujiuliza kosa ni lipi, maana dereva yeyote ambaye gari lake halijasimama ana mwendokasi. Kobe wa kisiwa cha Changuu, kule Zanzibar, akitumia saa nzima kumaliza mita 200, mwendokasi wake ni kilometa 0.2 kwa saa, na sijasikia trafiki yeyote aliyevuka bahari kwenda kumwandikia faini. Aliyepigwa tochi akiwa na 80 penye kibao cha 50 amezidisha mwendokasi, na hilo kuzidisha ndilo kosa. Lori likizuiwa kwenye mizani twasema limezidisha uzito. Hakuna mwandishi anayethubutu kuandika kwamba limekamatwa kwa uzito, kwa kuwa hata baiskeli inao.

Watetezi wa matumizi hayo huniambia kwamba kasi ni upesi, kama tusemavyo "alikimbia kwa kasi". Ni kweli, na ndiyo maana mtu akiandika "mwendo kasi" kwa maneno mawili, akikusudia mwendo wa haraka, nitakunja uso na kunyamaza. Mabasi ya Dar es Salaam yaliyoanza kazi mwaka 2016 nimeyasamehe kabisa: jina lake rasmi ni Mabasi Yaendayo Haraka, Kiswahili kisicho na doa, lakini watu wa mjini wakayaita mwendokasi, na jina la mtaani halina mhariri. Mhariri wa gazeti, anayelipwa mshahara, simsamehi. Mtoto aliyekulia kwenye vichwa vyake vya habari akikutana na "mwendokasi mdogo" katika mtihani huona maneno yanayogombana, na hapohapo kalamu inasimama.

Turudi kwa dereva wetu. "Wastani wa mwendokasi", ukiusoma kama ulivyoandikwa, ni wastani kwanza: chukua 60 na 40, jumlisha, gawanya kwa mbili, upate 50. "Mwendokasi wa wastani" bado ni mwendokasi, na kwa hiyo hauna budi kutii kanuni ya mwendokasi, yaani umbali wote ugawanywe kwa muda wote. Umbali wa upande mmoja uite x. Kwenda kulichukua saa x/60, kurudi kukachukua saa x/40, na jumla yake ni x/24. Safari nzima ni 2x. Igawanye kwa x/24, x ijifute yenyewe, ibaki 48, bila hata kuuliza Chalinze na Morogoro ziko mbali kiasi gani. Jibu limeshuka chini ya 50 kwa sababu dereva alikaa barabarani muda mrefu zaidi alipokuwa akienda 40, na huo muda ndio ambao wastani wa namba mbili hauuoni.

Najua vipo vitabu vinavyotumia maneno yote mawili kama pacha, na mwalimu atajitetea kwamba ndivyo alivyofundishwa. Basi aandike hivi: "Tafuta mwendokasi wa wastani kwa safari nzima, kwenda na kurudi." Huyo kijana wako alijibu swali lililoandikwa, si lile lililobaki kichwani mwa mwalimu, na kwa upande wangu ningempa alama zake.