Kugeuza kiti cha kawaida kuwa kiti cha enzi: kwa mafundi wanaoanza

Vijana wengi wanaokuja kwenye karakana za Bagamoyo kujifunza kutengeneza viti vya maharusi huanza kwa kuuliza rangi ya dhahabu inauzwa wapi. Mimi huwaomba waiweke kando kwanza, kwa sababu kinachokipa kiti hadhi ya enzi ni mgongo mrefu ulionyooka, na mgongo huohuo ndio unaoleta karibu matatizo yote ya kazi hii.

Tafuta kiti cha mezani cha mbao ngumu, kwa mfano mninga au mkongo. Kishike kwa mikono miwili ukitikise. Kikilia, fungua viungo, kwangua gundi ya zamani, tia mpya na ukibane hadi kesho yake. Kiti cha plastiki hakifai hata ukipewa bure.

Mgongo wa kiti cha kawaida huishia takriban sentimita 90 kutoka sakafuni, ilhali kiti cha harusi huhitaji kufika 150 hivi ili kionekane juu ya kichwa cha bibi harusi aliyejitanda. Ukiukata mgongo huo kwenye plaiwudi ya milimita 18, uzito wake utakuwa juu na nyuma, na kiti kitapinduka mtu akiegemea. Ndiyo maana ni lazima uuegemeze kwenye nguzo mbili za mbao zinazoteremka hadi chini, zikiwa zimefungwa kwa bolti kwenye miguu ya nyuma, na chini yake uongeze vipande vinavyotokeza nyuma sentimita 15 hivi. Kabla ya kuvisha kitambaa chochote, mkalishe mtu mzima mwenye mwili wake, aegemee kwa nguvu. Miguu ya mbele ikinyanyuka, rudi kwenye nguzo.

Kikalio cha kawaida kina kimo cha sentimita 45 hivi, na ukiongeza sponji nene, bibi harusi mfupi ataning'iniza miguu kama mtoto aliyepandishwa mezani. Wazee wetu walilitatua jambo hili zamani: viti vya enzi vya Lamu na Unguja, vya mpingo uliotiwa njumu (vipande vya urembo vilivyopachikwa kwenye mbao) za pembe za ndovu, vilikuwa na kibao cha kuwekea miguu, nacho huongeza heshima ya aliyekaa. Pembe leo haziguswi, lakini mfupa wa ng'ombe uliochemshwa na kusuguliwa vizuri hutoa weupe unaokaribiana nazo.

Kuhusu nakshi, zungukia milango ya Mji Mkongwe wa Bagamoyo na karatasi na penseli, unakili waridi moja au mnyororo mmoja, kisha uurudie huohuo kwenye kiti kizima. Anayechanganya nakshi tano hupata kiti chenye kelele.

Velveti inahitaji subira kuliko kitu kingine. Ipitishe kiganja ujue manyoya yanalalia wapi, nayo yaelekee chini kwenye mgongo na mbele kwenye kikalio, la sivyo vipande viwili vya gora moja vitaonekana kuwa na rangi mbili. Anza kubana katikati ya kila upande, kisha uelekee pembeni ukivuta kidogo kidogo. Anayeanzia kwenye kona huishia na mikunjo isiyotoka. Misumari inayoonekana iwe ya shaba, kwa kuwa hewa ya chumvi ya pwani huitia kutu haraka misumari ya chuma, na kutu hiyo huchafua kitambaa.

Sasa dhahabu. Piga msasa namba 120, kisha 240, paka praima, halafu rangi nyembamba mara mbili au tatu, ukisubiri kila moja ikauke. Ipake kwenye nakshi na kingo tu, mbao nyingine zibaki na vanishi.

Bolti za mgongo usizifunike kwa gundi wala kitambaa. Kiti cha kukodisha hupanda bajaji leo na pikapu kesho, na milango ya nyumba nyingi haipitishi mgongo wa kimo hicho ukiwa umesimama. Ukiweza kuufungua kwa spana, utafika kila ukumbi.