Mama kaacha sukari kwenye chai, mbona bado inapanda?

Pole dada kwa kumuuguza mama. Umesema anakula dona atakavyo kwa kuwa "haina sukari", na sasa mashine ya kupima sukari imesoma 6.2 (mmol/L) asubuhi, anataka kuacha metformin, dawa yake ya kisukari.

Asiache, tafadhali. Hiyo 6.2 ni kazi ya dawa, kisukari hakijaondoka.

Kuhusu dona, ni kweli ina pumba na ni afadhali kuliko sembe, lakini wanga wake nao unageuka sukari mwilini. Shangazi yangu alikunywa chai isiyo na sukari miaka miwili, pembeni chapati tatu! Tulipoanza kumpima saa mbili baada ya kula ndipo tukaelewa kuwa chapati ndizo zilizoipandisha. Sasa ugali wake ni kama ngumi yake, na nusu ya sahani ni mchicha.

Mwombeeni pia kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa miezi mitatu, maana cha asubuhi pekee hakitoshi.

Na daktari akitaja insulini, msiogope wanaosema sindano ni dalili ya kifo. Kongosho, kiungo kinachotengeneza insulini mwilini, likichoka, sindano hiyo ndiyo inayomwokoa mtu. Ila akitetemeka na kutokwa jasho jembamba, mpimeni haraka: ikiwa chini ya 4, mpeni maji ya sukari.