Ukaazi wa kidijitali si ruhusa ya kuishi Tallinn
Ndugu, umeuliza iwapo kadi ya ukaazi wa kidijitali ya Estonia inatosha kukuhamishia Tallinn huku ukiendelea kumfanyia kazi mwajiri wako wa Nairobi. Haitoshi. Kadi hiyo, iliyoanzishwa mwaka 2014, hukuruhusu kufungua na kuendesha kampuni kwa njia ya intaneti, lakini haikupi haki ya kuingia wala kuishi nchini humo. Unachohitaji ni viza ya wafanyakazi wa mbali, iliyoanza kutolewa mwaka 2020, ambayo hudumu hadi mwaka mmoja na hudai uthibitisho wa kipato cha miezi sita iliyotangulia. Nakusihi uangalie pia suala la kodi mapema, kwa kuwa anayekaa huko siku 183 ndani ya miezi 12 huhesabiwa kuwa mlipakodi mkaazi.