Usikaze cheni kwanza: kutafuta mchezo wa gurudumu la nyuma

Malalamiko huwa yale yale: ukifungua mafuta pikipiki inagonga "ko", ukifunga inagonga tena, na kwenye foleni inasukuma na kuvuta kama inakokotwa kwa kamba. Fundi anayeanza kazi hukimbilia spana ya ekseli, akakaza cheni, akarudisha funguo kwa mwenyewe. Baada ya muda pikipiki inarudi na kishindo kile kile, na safari hii oili inavuja nyuma ya sproketi ya mbele.

Kishindo hicho kinatokana na mchezo, yaani gurudumu kusogea bure mbele na nyuma kabla injini haijalishika. Piga hesabu uone kwa nini kukaza cheni hakusaidii. Chukua Suzuki V-Strom 650: cheni ya saizi 525, sproketi ya meno 15 mbele na 47 nyuma, tairi la nyuma 150/70 la inchi 17. Cheni yake inatakiwa kulegea milimita 20 hadi 30. Kwa 30 kamili, nafasi inayotokana na cheni ukiipima kwenye ukingo wa tairi ni kama milimita 2 tu. Ikilegea 60 inafika kama 8, kwa sababu kulegea kukizidi mara mbili, mchezo unazidi kama mara nne. Kwa hiyo gurudumu likicheza sentimita 5 huku cheni imelegea kidogo tu, sehemu kubwa ya mchezo huo iko kwingine, na kukaza hakutauondoa. Kutaleta hasara. Abiria na mabegi wakipanda, shokapu inabonyea na umbali kati ya sproketi mbili unaongezeka, hadi ekseli, egemeo la swingamu (mkono unaoshika gurudumu la nyuma) na sproketi ya mbele zikae mstari mmoja. Cheni iliyokazwa mno haina pa kujinyoosha. Inavuta shafti ya giaboksi, beringi inaumia, sili inaachia.

Kabla ya kufungua chochote, shika mkono wa eksileta. Nafasi ya waya wake kabla haujaanza kuvuta, kwenye V-Strom, ni milimita 2 hadi 4. Ikiwa 8, pikipiki itaruka-ruka hata kama kila kitu nyuma ni kipya. Angalia pia sailensa, yaani mzunguko wa injini inayonguruma bila kufunguliwa mafuta: ukiwa chini ya kiwango, pikipiki inakuwa na mishtuko kila unapofunga mafuta.

Sasa kazi yenyewe. Weka cheni kwenye kiwango, ukifuata kitabu kinavyosema kuhusu stendi ndogo au gurudumu kuinuliwa, maana namba hubadilika. Kisha zima injini, toa funguo, inua gurudumu la nyuma, tia gia ya kwanza. Ondoa kifuniko cha sproketi ya mbele, safisha lile tope la grisi na vumbi kwa mafuta ya taa na brashi hadi chuma kionekane. Kwa tipeksi chora mistari minne, kila mmoja ukivuka sehemu mbili zinazokutana: kutoka habu ya gurudumu kwenda kwenye kipande kinachobeba sproketi, kutoka jino la sproketi ya nyuma kwenda kwenye cheni, kutoka sproketi ya mbele kwenda kwenye ncha ya shafti, na kutoka ncha ya shafti kwenda kwenye bodi ya injini.

Shika tairi kwa mikono miwili. Lisukume mbele hadi ligome, lirudishe nyuma hadi ligome, bila kulazimisha injini izunguke. Mwenzako aangalie mistari. Kwa tairi la saizi hiyo kila digrii moja ni kama milimita 5.6 ukingoni, hivyo milimita 28 ni digrii 5. Kila sehemu ina mchango wake kidogo. Unachotafuta ni mstari unaokatika, yaani nusu zake mbili zinaachana, kuliko mingine.

Mstari wa kwanza ukikatika, yaani gurudumu linasogea na sproketi imetulia, ni raba za habu, zile zinazopokea kishindo kati ya gurudumu na kipande kinachobeba sproketi. Hapa ndipo wageni wengi hupapita haraka, kwa kuwa raba hazionekani mpaka gurudumu litoke. Litoe. Raba nzima inaingia kwa kubanwa na kipande cha sproketi hakizunguki huru. Raba iliyochoka inang'aa pande zinazogongwa, ina nyufa kwenye kona, na kwenye vyumba vya habu utakuta unga mweusi. Wapo wanaokata tyubu kuukuu na kuichomeka kando ya raba. Kipande chembamba kinakufikisha nyumbani, lakini ukijaza hadi raba isibonyee umeondoa kazi yake: kila kishindo kitaenda moja kwa moja kwenye cheni na meno ya giaboksi. Nunua seti mpya.

Ukiwa hapo, ingiza kidole kwenye beringi ya kipande kinachobeba sproketi, uizungushe. Watu husema gurudumu la nyuma lina beringi mbili. Hii ni ya tatu, na ndiyo inayosahaulika. Ikikwaruza, sproketi inayumba. Hakikisha bushi yake ya ndani imerudi mahali pake. Ukiisahau, nati ya ekseli itaibana beringi na kuiua mapema.

Mstari wa pili ukikatika, cheni ipime kwa kalipa ikiwa imenyooka: pini 21, yaani nafasi 20 kati yake. Mpya ni milimita 317.5, na mwisho wa Suzuki ni 319.4. Zungusha gurudumu na kupima kulegea kila robo mzunguko. Sehemu iliyokaza ikirudi kila mzunguko mmoja wa gurudumu, shuku sproketi ya nyuma au beringi yake. Ikirudi baada ya mizunguko kama miwili na nusu, ni cheni yenyewe, kwa kuwa ndio muda inaochukua kuzunguka yote. Ikichakaa badilisha na sproketi zote mbili.

Sproketi ya mbele ikicheza juu ya shafti ambayo imetulia, angalia splaini, yaani meno ya shafti yanayoshika sproketi. Honda Transalp na Africa Twin za zamani zinajulikana kwa hilo: sproketi inashikwa na bamba lenye bolti mbili ndogo, hivyo kutikisika kidogo kwa pembeni ni kawaida, ila kucheza kwa kuzunguka si kawaida. Kadiri kitovu cha sproketi kinavyokuwa chembamba, ndivyo splaini za shafti zinavyoliwa. Shafti ikiisha, injini inapasuliwa. Sproketi ya bei rahisi hapo ni ghali.

Shafti ikisogea yenyewe, rudia kipimo kwa gia ya pili na ya tatu. Mchezo kuongezeka taratibu gia zikipanda ni kawaida, na meno yanayoshikana ndani ya giaboksi lazima yaachiwe nafasi ili gia iingie. Gia moja ikipita wenzake kwa mbali, na ikitoka yenyewe ukivuta mafuta, meno yake yameviringika. Kama ni gia zote na kuna mtikisiko kwenye mizunguko ya chini, fungua klachi ushike kikombe chake na kukizungusha dhidi ya gia yake kubwa: springi zilizolegea zinakupa mwendo usio na ukinzani.

Pikipiki zinazozungusha gurudumu kwa shafti badala ya cheni, kama Honda Gold Wing au BMW R1200GS, hazina cheni ya kulaumu. Shika gurudumu juu na chini ulitikise. Likicheza kwa pembeni, beringi kubwa ya gia iliyo kwenye gurudumu la nyuma inakwisha, na oili yake ukiimwaga itakuwa na vipande vya chuma. Splaini zisizo na grisi ya molibdeni hutoa unga mwekundu kama kutu.

Ukimaliza kufunga, pima tena ukingoni mwa tairi kwa gia ya kwanza, uandike namba hiyo pamoja na kilometa kwenye karatasi, uibandike chini ya siti.