Nakimbia alfajiri, naruka kamba jioni, mizani imegoma

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 34, naishi Dar es Salaam, urefu wangu ni sentimita 162. Nilianza na kilo 86. Kila siku, Jumapili ikiwemo, naamka saa kumi na nusu alfajiri nakimbia kilomita 8. Jioni nikitoka kazini napitia jimu, saa moja na robo ya kuruka kamba, baiskeli na mazoezi ya tumbo. Nakula mlo mmoja mchana. Usiku ni tunda na chai kavu. Wiki tano za kwanza nilishuka hadi kilo 80. Sasa ni wiki ya nne mizani haisogei, goti la kulia linauma nikishuka ngazi, usingizi umekata, na mwezi wa pili huu sijaona siku zangu. Mwalimu wa jimu anasema niongeze saa moja. Niongeze? Na mazoezi yakifika mangapi ndiyo yamezidi?

JIBU: Marahaba, dada. Usiongeze hata dakika moja.

Mimi ni mtu wa fiziotherapia, si daktari, ingawa hapa mjini kila avaaye koti jeupe huitwa hivyo. Kwa hiyo la kwanza nakurudisha kwa wenyewe: nunua kipimo cha ujauzito duka la dawa, kesho. Sitanii. Hedhi ikikosekana miezi miwili tunaanzia hapo, hata kwa mtu anayeapa haiwezekani. Kama huna mimba, nenda ukaonwe kituo cha afya, maana tezi ya shingo na matatizo ya ovari nayo huleta hali hiyo. Yanayofuata nayasema nikichukulia kwamba huna mimba.

Hakuna idadi ya saa iliyoandikwa mahali kwamba ukiivuka umezidisha. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, au nusu yake yakiwa makali, pamoja na mazoezi ya nguvu siku mbili au zaidi. Wewe unakaribia dakika 950, na nyingi ni za kukimbia na kuruka. Lakini 300 si ukuta. Wakimbiaji wa marathoni kule Iten, Kenya, wengi hupita kilomita 160 kwa wiki na miili inastahimili. Wamefika huko kwa miaka, wanakula ugali wa kushiba, wanakunywa chai ya maziwa yenye sukari, na mchana wanalala. Wewe umechukua ratiba inayofanana na yao ukaiweka juu ya sahani moja ya wali na siku nzima ya ofisini.

Tupige hesabu. Kukimbia hula takribani kalori moja kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita. Kilo 80 mara kilomita 8 ni 640. Jimu, tuseme 350. Jumla ni karibu 1,000. Mlo wako mmoja na lile tunda sidhani kama vinazidi 1,200. Zinabaki 200 za kuendesha moyo, ubongo, ini, homoni na joto la mwili siku nzima. Wataalamu wa michezo huzigawa kalori zinazobaki kwa uzito wa mwili bila mafuta, ambao kwako nakadiria kilo 48, na jibu likishuka chini ya 30 wanaanza kuwa na wasiwasi. Lako ni kama 4. Nikupendelee, niseme unakula 1,600 na mazoezi yanachoma 700 tu: bado ni 19. Ni kweli kipimo hicho kilitokana na tafiti za wanawake vijana wasio wanene, na mwenye akiba ya mafuta huvumilia zaidi. Ila mwili wako umeshaanza kubana matumizi, na huduma ya kwanza kukatwa mara nyingi ni uzazi.

Kubana matumizi huko ndiko mwalimu wako hakukuhesabu. Mwaka 2012 mtafiti Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya Wahadzabe, wawindaji na wachuma matunda wa kando ya Ziwa Eyasi hapa kwetu. Walipima kalori za siku nzima za watu wazima 30 kwa kuwanywesha maji maalumu na kufuatilia mkojo wao. Watu wanaotembea porini kutwa, ungedhani wanachoma mara mbili ya karani wa Marekani. Ukizingatia ukubwa wa mwili, walikuwa karibu sawa. Maelezo aliyotoa Pontzer baadaye ni kwamba mwili unaosukumwa sana hupunguza kwingine, kwa hiyo saa ya tatu ya mazoezi haikulipi kama ya kwanza. Wataalamu bado wanabishana ukubwa wa punguzo hilo. Mimi naliona kila wiki kwa njia ya kawaida kabisa: mtu akitoka jimu amechoka hivi kwamba jioni nzima hainuki kwenye kochi, hata rimoti anamtuma mtoto.

Kisha kuna maji. Misuli iliyochoshwa kila siku huvimba kidogo na kushika maji, na usingizi mbovu huongeza tatizo. Inawezekana kabisa umepoteza mafuta wiki hizi nne na maji yameyafunika. Nunua futi ya fundi cherehani, pima kiuno kwenye kitovu, kila Jumamosi asubuhi kabla ya chai.

Goti linalouma wakati wa kushuka ngazi kwa kawaida ni pia ya goti, kile kifupa cha mbele, inayolalamikia mzigo ulioongezwa haraka. Acha kukimbia na kamba kwa wiki mbili. Tembea kwa kasi ambayo unaweza kuongea lakini huwezi kuimba, dakika 45, siku tano. Siku mbili za jimu fanya mazoezi ya nguvu: kukaa na kuinuka kwenye benchi, kuvuta, kusukuma, kunyanyua uzito wa kukutosha. Jumapili pumzika. Goti likitulia, rudisha kukimbia kwa kilomita 3 mara mbili kwa wiki. Kilomita 8 za kila siku sikurudishii mwaka huu.

Na ule. Asubuhi mayai mawili na kiazi kitamu, mchana sahani yako ile ile lakini maharage au samaki yazidi wali, usiku mboga na dagaa. Utaogopa mizani, huenda ikapanda kilo moja wiki ya kwanza, na hayo ni maji na chakula kilicho tumboni. Baada ya hapo nusu kilo kwa wiki inatosha sana.

Ukiwa unavaa nailoni chini ya fulana ili utoke jasho, kama ninavyowaona wengi alfajiri, ivue. Jasho linarudi ukinywa chupa ya maji. Kwa joto la Dar utazimia tu.

Ukiona mkojo umekuwa rangi ya kola baada ya mazoezi makali, misuli ikiuma na kukaza, nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwani misuli inaweza kuwa imevunjika na kuziba figo. Vivyo hivyo maumivu ya kifua au kuzimia. Muundi ukiuma sehemu moja unayoweza kuigusa kwa kidole, pumzisha mguu huo na uombe picha ya eksirei, na uwaambie pia habari ya hedhi, hata wasipouliza.