Kibao cha kona kimeganda kwa gundi: kitolewe vipi?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina viti vya mninga vya mezani na kimoja mguu umeanza kucheza. Nilipokigeuza nimekuta kile kibao cha pembetatu kinachoshika kona kwa ndani kimepasuka, lakini bado kimeng'ang'ania kwa gundi. Sina mashine, nina patasi, nyundo na msumeno tu. Nifanyeje nisiharibu fremu? (Msomaji, Nkuhungu, Dodoma)

JIBU: Marahaba. Usihangaike kukitoa kikiwa kizima. Kibao ni cha kutupa. Cha kulinda ni mbao za fremu. Wengi hugonga kibao kwa nyundo kutoka pembeni, na gundi ikigoma kuachia, hung'oka na kipande cha fremu.

Toa skrubu na misumari yote kwanza. Kisha kata kibao katikati kwa msumeno, kuelekea kwenye kona, ukiacha unene mdogo karibu na mguu. Sasa simamisha patasi kufuata nyuzi za kibao, gonga kidogokidogo, kitabanduka vipande vipande. Utabaki na ganda jembamba kwenye fremu. Hilo lowesha kwa kitambaa chenye maji ya moto, bonyeza pasi juu yake kwa muda mfupi, na gundi nyeupe italainika. Parua ukiwa umelaza mgongo wa patasi kwenye mbao. Gundi parua ikiwa laini, lakini mbao yenyewe ya fremu usiikwangue ikiwa mbichi kwa maji, iache ikauke.

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika: gundi mpya haishiki juu ya gundi kuukuu. Dondosha tone la maji. Likisimama kama shanga, gundi bado ipo. Likinywewa na mbao, pako tayari.

Kabla ya kibao kipya, tazama ulimi, ile ncha iliyochongwa kuunganisha mguu na fremu. Kama umelegea ndani ya tundu lake, uchomoe, usafishe na uugundishe upya, maana kibao peke yake hakiwezi kubeba kiti.

Kibao kipya kikate kwenye kipande cha mninga au mbao nyingine ngumu iliyokauka vizuri. Mbao mbichi ikiingia kiangazi chetu cha Mei hadi Novemba husinyaa, na kona inaachia tena. Nyuzi zifuate upande mrefu wa pembetatu. Paka penseli kwenye fremu, bana kibao, kitoe: palipochafuka ndipo panapogusa, parande hapo tu mpaka doa lienee pande zote mbili.

Tundu la skrubu kwenye kibao liwe pana kiasi cha skrubu kupita bila kung'ata. Kwenye fremu liwe jembamba. Hivyo skrubu huvuta kibao badala ya kukisukuma. Fanya asubuhi, kwani upepo wa mchana wa Dodoma hukausha gundi kabla hujamaliza kukaza. Zungushia miguu mpira wa tairi la baiskeli uliokazwa, na usikikalie kwa saa 24.